Mwaka wa Chumba cha Ndengu

Desemba iliyopita wasichana wangu walinialika chakula cha mchana Katelembo, nyumbani kwa mmoja wao. Ninaposema wasichana nina maana ya wanawake wazima wenye watoto wa sekondari, miwani ya kusomea na mvi za kwanza wanazozificha chini ya vitambaa. Tulikaa uani chini ya turubai, chapati na mchuzi wa kuku zikipita mkono kwa mkono, na katikati ya kelele zile kulikuwa na sauti moja iliyozishinda zote. Ilikuwa ya Mutheu. Alikuwa amesimama, mwiko mkononi, akisimulia jinsi alivyogombana na fundi wa paa hadi fundi akaomba kurudi kwao. Mwenye nyumba, mume wa mwanafunzi wangu, aliniinamia akaninong'oneza, "Mwalimu, huyu alikuwa hivi tangu zamani? Mlikuwa mnapata nafasi ya kufundisha kweli?" Nilicheka mpaka nikapaliwa na chai. Nilimwambia kwamba kuna mwaka ambao ningetoa chochote nilicho nacho ili nisikie neno moja kutoka kinywani mwa Mutheu. Aliniangalia kama mtu anayetaniwa na mzee. Baadaye mwingine akaniuliza, "Lakini Madam, ile kazi ya kutushauri uliisomea wapi?" Nikamjibu ukweli: sikuisomea mahali popote. Niliiokota kazi ile shuleni kulekule, pamoja nao, mwaka ule mmoja.

Ilikuwa mapema miaka ya elfu mbili. Nilikuwa msichana mwenyewe, nimetoka chuo kikuu juzi tu, nikapangiwa shule ya bweni ya wasichana juu ya kilima upande wa Masii, mahali ambapo upepo wa Julai ulipiga mabati usiku na mchana na matuta ya mashamba yalishuka bondeni kama ngazi. Nilipewa nusu ya nyumba ya walimu. Nusu ile nyingine ilikuwa ya Rukia, mwalimu wa Kiswahili, mtoto wa Machakos mjini ambaye babu zake walikuja na biashara kutoka pwani. Tulitumia jiko moja la makaa. Yeye alinifundisha kupika wali usioshikana, mimi nikamfundisha kuvumilia muthokoi, ingawa mpaka leo husema mahindi yaliyokobolewa ni chakula cha watu wenye meno ya ziada. Jioni tulikaa kwenye ngazi ya mlango, vikombe vya bati mikononi, tukizungumza juu ya watu wote waliokuwa chini yetu na wote waliokuwa juu yetu. Nikikumbuka furaha ya ujana wangu, huwa nakumbuka ngazi ile kwanza.

Muhula wa kwanza ulikuwa bado haujapata joto Mwalimu Mkuu wetu, Bi. Mbithe, aliporudi kutoka mkutanoni mjini, akaingia chumba cha walimu na koti lake bado mwilini, akachukua fimbo iliyokuwa ikilala juu ya kabati na kuiweka mezani mbele yetu. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, ambaye hatukuwahi kuyaona meno yake. "Hii kitu imekwisha," akasema. "Serikali imesema hakuna kuchapa. Tutakuwa tukiwashauri. Sasa, ni nani atawashauri?" Walimu wakaangalia vitabu vyao. Mwalimu Kioko wa hesabu akaanza kutafuta kalamu ambayo ilikuwa sikioni mwake. Mimi, kwa ugeni wangu, ndiye niliyekuwa nimeinua macho. "Kalekye," Bi. Mbithe akasema, "wewe bado una subira." Basi nikawa mshauri. Nilipelekwa semina ya siku chache mjini, tukalishwa vizuri, na katika yote tuliyoambiwa nilirudi na jambo moja tu lililonikaa kichwani: mtu akizungumza, usimkatize.

Nilipewa chumba nyuma ya jikoni, ambacho zamani kilikuwa stoo ya mipira na nyavu. Kilinuka moshi wa kuni na ngozi kuukuu. Nilikifagia, nikaweka viti viwili vikiangaliana kama tulivyoelekezwa, nikatundika pazia la maua ambalo Rukia alinishonea, nikakaa. Hakuna aliyekuja. Nilikaa wiki baada ya wiki, kila siku baada ya masomo, nikisikia sufuria zikigongana upande wa pili wa ukuta. Siku moja, dirisha likiwa wazi, niliwasikia wasichana wawili wakichota maji bombani. "Mimi siwezi kuingia pale," mmoja alisema. "Ukiingia tu, watu watasema uko na mimba." Mwenziwe akajibu, "Ama umeiba." Nikavitazama vile viti vyangu viwili, nikaelewa kwamba ningekuwa mimi ni mwanafunzi, nisingeingia pia.

Kilichonisaidia hakikuwa busara. Ulikuwa uchovu wa kukaa bure. Mavuno ya ndengu, zile choroko za kwetu, yalikuwa yameingia, jikoni kulikuwa na magunia yaliyojaa vijiwe, na wasichana walikuwa wakilalamika kwamba watamaliza shule wakiwa na mapengo. Nikaomba niletewe debe moja ofisini kwangu nichambue, ili angalau saa zangu zipite. Nilikuwa nimekaa chini kwenye mkeka, uteo miguuni, wakati msichana mmoja wa kidato cha tatu, Ndanu, mcheshi asiyeweza kupita mlango ulio wazi, alipochungulia. "Aiya, Madam! Unafanya hiyo kazi peke yako?" Akaingia. Kesho yake akaja na wenzake wawili. Wiki iliyofuata mkeka haukutosha, tukatandika magunia. Hakuna aliyehitaji kueleza kwa nini yuko pale, maana kila mtu aliona: anachagua ndengu. Na kuna kitu fulani ambacho hakuna semina iliyoniambia. Mikono ikiwa na kazi na macho yakiangalia chini, mdomo husahau kuogopa. Msichana angeweza kusema jambo zito kabisa akiiambia punje ya ndengu, na punje haimhukumu mtu.

Siku moja mazungumzo yalikuwa yamefika kwenye aibu, Ndanu akaniuliza kama walimu nao hupata aibu. Nikawasimulia juu ya mazoezi yangu ya ualimu, jinsi nilivyoingia darasani kwa kujiamini, nikafundisha kipindi kizima bila kupumua, watoto wakiniangalia kwa heshima kubwa, mpaka kengele ilipolia na mmoja akainua mkono kuniambia kwamba wao ni kidato cha kwanza na lile somo lilikuwa la kidato cha nne. Walicheka mpaka ndengu zikamwagika. Ndanu, akijipangusa machozi, akauliza, "Halafu ukafanya nini, Madam?" Nikafikiri. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Nilikuwa nimeihadithia hadithi ile mara nyingi na kila mara iliishia kwenye aibu. "Halafu," nikasema, "nilijifungia chooni. Halafu nikatoka, nikaenda kwa kidato cha nne nikawafundisha vilevile. Na nilifundisha vizuri, kwa sababu nilikuwa nimeshafanya mazoezi." Wakacheka tena, lakini safari hii kulikuwa na kitu kingine ndani ya kicheko. Tangu siku hiyo ikawa desturi yetu ya Ijumaa. Kila mtu angesema alipoanguka wiki ile, na wengine wangemwuliza swali lile la Ndanu, na kumwuliza tena, mpaka afike mahali ambapo alikuwa ameinuka. Karibu kila mara alikuwa ameinuka. Ila hakuwa amejiona.

Nimekuwa kazini miaka mingi tangu wakati ule, na nimesikia mengi kuhusu namna ya kumpa mtoto ujasiri. Watu hupenda kumsifu. Wanamwambia unaweza, wewe ni hodari, jiamini. Sina ugomvi na sifa, lakini nimeona jinsi mtoto aliyevunjika moyo anavyozipokea: anakushukuru kwa adabu na haamini hata neno moja. Sifa ni maneno yako wewe. Lakini mtoto akikumbuka kwamba jana, baada ya kuchekwa, alinawa uso na kurudi darasani, hilo ni lake. Hawezi kulikana kwa sababu ndiye aliyelifanya. Hayo nayasema leo kwa ufasaha. Wakati ule nilijua tu kwamba wasichana walikuwa wakitoka mle ndani wakiwa wamenyooka migongo.

Si kila mtu alipendezwa. Chumba chetu kilitenganishwa na stoo ya vitabu kwa mbao nyembamba, na mchana mmoja nilimsikia Bi. Mbithe upande wa pili akihesabu vitabu na Mwalimu Kioko. "Wanacheka sana mle," alisema Bi. Mbithe. "Nilimtuma akawanyooshe, sasa ni kicheko kila siku." Kioko akajibu, "Anawadekeza, Madam. Mtoto akifeli unampigia makofi, kesho atafeli tena apigiwe." Jioni ile nilimwambia Rukia kwamba nataka kuacha. Akageuza chapati kwa vidole, kama ilivyo kawaida yake, akasema, "Dada, wewe si umezowea kuwauliza wenzako? Umeanguka. Haya, utafanya nini?" Nilitamani kumrushia kikombe. Siku chache baadaye Bi. Mbithe aliniita na kuniambia bila kuzunguka kwamba vitabu vipya vinakuja na hana mahali pa kuviweka. Ikiwa hataona faida ya kile chumba kufikia mwisho wa muhula wa pili, kitarudi kuwa stoo.

Wakati huo ndipo Mutheu, wa darasa moja na Ndanu, alipoanza kuja. Alitoka Kivaa, mbali kule Masinga, ambako alikuwa wa kwanza shuleni kwao tangu darasa la kwanza hadi la nane, na kijiji kizima kilimsindikiza alipokuja kwetu. Hapa alikuta wa kwanza wengine wengi. Alama zake zilishuka, sauti yake ikashuka nazo, mpaka siku Mwalimu Kioko alipomwita ubaoni. Hesabu ikamkwama katikati. Kioko hakumpiga wala hakumtukana, alimwambia tu asimame pale mpaka apate jibu, na Mutheu akasimama, chaki mkononi, bila kusogea, hadi kengele ilipolia. Kutoka hapo wenzake wakamwita Sanamu. Katika chumba cha ndengu alikaa kwenye kona karibu na dirisha, akachambua vizuri kuliko wote, na zamu yake ilipofika alitikisa kichwa. Tulimpita. Mimi nilifikiri kwamba kuja kwake pekee kulitosha kwa wakati ule, mpaka Ndanu aliponijia mbio kabla ya mapumziko ya katikati ya muhula. "Madam, Mutheu amenipa ndoo yake. Na slipasi amempa mtu mwingine. Nimemwuliza kwa nini, amesema hazihitaji." Katika shule ya bweni, msichana hatoi ndoo yake. Anayetoa ndoo ameamua kwamba harudi.

Nilitaka kumwita pale pale. Nilikuwa na hotuba nzuri kabisa juu ya elimu na wazazi na kesho. Rukia alinizuia mlangoni. "Ukimwita, atajua Ndanu amesema, na utakachompa ni hotuba. Kesho ni Ijumaa. Ngoja mkae chini." Nikangoja, na sikumbuki kama nililala. Ijumaa ile mvua ilikuwa ikinyesha, jikoni walikuwa wamepika muthokoi na harufu ya vitunguu ilipenya ukutani. Zamu ikazunguka. Ilipomfikia Mutheu, alitikisa kichwa kama kawaida, na aliyekuwa kando yake akafungua mdomo aanze. Ndipo Mutheu akaliambia dirisha, kwa sauti ndogo, "Mimi niliganda ubaoni."

Hakuna aliyecheka. "Halafu ukafanya nini?" Ndanu akauliza, na mimi nilimshukuru Mungu kwamba si mimi niliyeuliza.

"Sikufanya kitu. Kengele ililia."

"Halafu?"

"Nikarudi kwa kiti changu."

"Halafu?"

Mutheu akainua mabega. "Halafu jioni, wakati wa prepu, nikafungua kitabu. Nikaifanya."

"Ukaifanya ile hesabu?" Ndanu aliacha uteo. "Ile ile?"

"Eeh. Nilikuwa nimekosea alama moja tu. Niliweka kujumlisha mahali pa kutoa."

"Na ukapata jibu?"

"Nikapata."

Chumba kizima kilipiga kelele, "Uuui!" kama watu wanaopokea bibi harusi. Mmoja akasema, "Na mimi mpaka leo sijaijua hiyo hesabu!" Mwingine akasema, "Hakuna mtu darasani aliipata, tulinakili tu!" Mutheu aliwatazama mmoja mmoja, taratibu, kama mtu anayeamshwa. Wiki zote zile alikuwa amebeba kichwani picha ya msichana aliyesimama ubaoni, na hakuwahi hata mara moja kumtazama yule msichana mwingine, aliyefungua kitabu jioni ileile wakati wenzake wote walikuwa wamekata tamaa. Ndanu akamsogezea kipande cha chaki. "Basi tuoneshe," akasema. Wakasukuma magunia, wakafagia ndengu pembeni, na Mutheu akapiga magoti akaandika hesabu ile sakafuni, kwenye saruji, wasichana wakiwa wamemzunguka kwa mikono na magoti. Sikusema neno lolote. Lile jambo moja la semina lilinifaa sana siku hiyo. Walipoondoka kwenda kula, nilimwona Mutheu akitembea nyuma ya Ndanu kwenye mvua, nikasikia akisema, "Wewe, nitahitaji ndoo yangu."

Hakupona siku moja, na nisingependa mtu afikiri hivyo. Alirudi kutoka mapumzikoni, na kwa majuma kadhaa alifundisha hesabu kwenye sakafu ile tu, kwa Ndanu kwanza, kisha kwa wawili, kisha kwa kikundi kilichojaa hadi mlangoni. Nilimwacha achague mwenyewe ukubwa wa hatua. Mara moja nilimwuliza kama angependa kujaribu ubao, akasema bado, nikasema sawa. Kisha asubuhi moja karibu na mwisho wa muhula wa pili nilikuwa nikipita barazani na rundo la madaftari ya kusahihisha, nikasikia sauti yake kutoka darasa la Kioko. "Mwalimu, naomba ubao." Kioko hakuelewa. "Unataka kwenda wapi?" akauliza. "Siendi mahali. Naomba ubao." Nikasimama kando ya dirisha, mahali wasiponiona. Akaenda mbele, akachukua chaki, akaanza. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kisha mkono ukasimama. Na kutoka nyuma ya darasa sauti ya Ndanu ikaja, ya kawaida kabisa, kama mtu anayeomba apitishiwe chumvi: "Halafu, Mutheu?" Mwingine akadakia, "Halafu?" Kisha darasa zima. Mutheu akageuka. Alikuwa akicheka. "Ngojeni kwanza," akasema, "bado naanguka!" Akafuta mstari kwa kiganja, akauandika upya, akaendelea mpaka chini kabisa. Kioko alisogea, akaitazama hesabu kwa muda mrefu, akasema, "Ni sawa. Lakini kwa nini unafuta na mkono? Dasta iko." Hiyo, kutoka kwa Kioko, ilikuwa kama kupewa ng'ombe. Mchana wake alinitafuta chumba cha walimu, akasimama mbele yangu akikuna shingo. "Hao watoto wako," akasema, "wanaweza kuja pia kwa darasa langu la fomu ya pili?"

Ijumaa iliyofuata mlango wa chumba cha ndengu ulifunguka, akaingia Bi. Mbithe. Wasichana wote wakaruka juu. "Kaeni," akasema. Alivua viatu, akakaa kwenye gunia, akavuta uteo, na vidole vyake vikaanza kukimbia kwa kasi iliyotuacha vinywa wazi. Nikadhani amekuja kutuambia kwamba vitabu vimefika. "Kioko ameniambia hapa mtu husema alipoanguka," akasema hatimaye, bila kuinua macho. "Mimi nilifeli mtihani wa mwisho. Nilirudia. Walimu wa hii shule hawajui." Akanitazama. "Huyu sasa anajua." Wasichana wote walikuwa na swali moja na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kulitoa, hadi Mutheu, kutoka kwenye kona yake, alipolitoa kwa upole kama anayemwekea mgonjwa mto: "Halafu, Madam, ukafanya nini?" Bi. Mbithe akaweka uteo chini. "Halafu nikalia kwa mamangu mpaka mamangu akachoka, akanipa jembe. Halafu mimi nikachoka na jembe, nikarudi shule." Akacheka. Alikuwa na mwanya mzuri katikati ya meno ya mbele, na ninaamini sisi ndio watu wa kwanza shuleni pale kuuona. Vitabu vipya vilipofika, vilipangwa kwenye korido ya ofisi yake mwenyewe, na kwa mwaka uliobaki alipita kando kando kama mtu anayepita kwenye mlango wa kuku.

Mwaka ukaisha, wasichana wakafunga masanduku wakaenda kwao. Likizo ile nilifanya kila kitu nusu nusu, kwa sababu nilikuwa na wasiwasi juu ya Mutheu. Kivaa ni mbali, Desemba ni ndefu, na nyumbani hakuna chumba cha ndengu. Siku ya kufungua, Januari, nilijipa kazi ya kusimama langoni ambayo hakuna aliyenituma. Walikuja wengi. Ndanu alikuja akiwa amesuka mistari iliyokatazwa. Jua lilikuwa limeshaanza kushuka nilipomwona Mutheu akipanda kilima, na kando yake msichana mdogo mwenye sare kubwa kuliko yeye, macho yamevimba, ameikumbatia ndoo mpya kama mtu anayezama.

"Madam, huyu ni mdogo wangu, Mwende. Anaingia fomu wani."

Nikainama mpaka uso wangu ukalingana na wa yule mtoto. Sasa nilikuwa na mwaka mzima wa ujuzi. Nilikuwa tayari. "Karibu sana, Mwende," nikaanza. "Najua kuna mambo yanakuogopesha, na ukitaka kuniambia..."

"Ameshaniambia," Mutheu akanikatiza. "Tumeongea tangu Kivaa. Alilia mpaka tukabadilisha gari, halafu akanyamaza, halafu akaniambia yote, halafu akaomba mandazi. Yuko sawa, Madam. Usijali."

Mwende akatikisa kichwa kukubali, mdomo wake bado una makombo. Mutheu akashika sanduku upande mmoja, mdogo wake upande wa pili, wakaelekea mabwenini. Nilimsikia Mutheu akiuliza kitu, kisha akingoja, akingoja kweli kweli, mpaka yule mdogo alipojibu, ndipo akauliza tena. Nikabaki pale langoni, mshauri ambaye hakuna aliyemhitaji, na sijawahi tena maishani kufurahi hivyo kwa kukosa kazi.